Mawazo Kwenye Kamba ya Kuanikia

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na hizo lifti unazotengeneza hazijakukaba katikati ya ghorofa. Sisi huku tunasukuma siku. Mashine kubwa ya kufulia imeanza kulia tena inapokamua. Mvuke, mpiga pasi wetu, ameng'olewa jino na sasa anajitia hawezi kuongea, ila ukimgusia habari ya kuondoka mapema anaongea vizuri kabisa.

Mama anakula na analala. Mguu wa kulia anauburuta kidogo lakini anafika mlangoni na kurudi. Mkono wa kulia bado umelala tu. Maneno ndiyo hayajarudi. Tangu kile kiharusi cha mwaka jana amebaki na lilelile moja, sabuni. Ukimwamkia, sabuni. Ukimletea chai, sabuni. Wateja wapya wanadhani anatangaza biashara. Zamani ningekwambia hilo tungecheka pamoja, sasa nacheka peke yangu halafu naenda kusimama nyuma ya mashine mpaka uso utulie.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba alikuja Jumapili. Amekaa, amekunywa chai, akasema mwisho wa Juni atakuja kumchukua dada yake, akaishi kwake, kwa sababu dobi si mahali pa mgonjwa, kuna mvuke na kelele. Nikamwuliza, umemwuliza mwenyewe? Akanitazama kama nimemtukana. "Nimwulize nini, mwanangu? Ataniambia sabuni." Kasema mbele yake, Kaka. Mama ameketi palepale, macho ameyainamishia vidole vyake. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akimrudisha mteja na suti yake kwa neno moja, na mteja anaomba radhi. Leo anajadiliwa kama kabati, liwekwe wapi.

Najua Mama anataka nini. Anataka kukaa hapa, kwenye duka alilolianzisha kwa mikono yake. Lakini mimi nikisema, ni maneno yangu. Lazima aseme yeye. Mpaka mwisho wa Juni nitakuwa nimepata njia ya kumfanya ajibu, hata kama nitamkosesha Mvuke usingizi. Mawazo ninayo, yanakuja kumi kwa mpigo, asubuhi nikiwa natia wanga mashati. Ikifika jioni siyakumbuki hata moja, na kesho yake naanza upya yaleyale. Kichwa kinaniwanga.

Wewe ndiye mwenye kichwa kilichotulia. Nisaidie. Halafu uniambie unakuja lini, maana barua iliyopita nilikuuliza ukanijibu habari za hali ya hewa.

Mdogo wako,
Kiberiti


22 Februari

Mdogo wangu Kiberiti,

Marahaba. Mimi mzima, nimekonda kidogo tu, na hiyo ni kwa sababu najipikia. Naandika nikiwa chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo la ofisi, miguu nimeiweka kwenye sanduku la vifaa. Wakubwa wa ghorofa ya nane wamepanda ngazi tangu Jumatatu. Sijawahi kuona watu wenye suti wakinisalimia kwa unyenyekevu namna hii. Msalimie Mvuke, mwambie pengo linampendeza.

Nimesoma habari ya Mjomba mara mbili. Usimchukie, ni mtu mzima na anampenda dada yake. Lakini yale maneno mbele yake, hapana.

Nikwambie tunavyofanya huku lifti ikikataa na hakuna anayejua kwa nini. Tunasimama mbele yake wote, fundi mkuu, sisi, na yule mama anayefagia korido kama yupo karibu, kwa sababu yeye huisikia lifti siku nzima. Kila mtu anasema anachofikiri, cha akili na cha kipuuzi. Mmoja anaandika kwa chaki ukutani. Sheria ni mbili. Ya kwanza, hakuna kumcheka mwenzako mpaka lifti iende. Ikishaenda, mcheke mpaka mwaka kesho. Ya pili, hakuna kufuta. Hata lililoshindwa linabaki ukutani na maelezo limeshindwa vipi. Wakati mwingine mawili yaliyoshindwa, ukiyasoma kwa pamoja, unaona kitu ambacho hakikuwa kwenye lolote kati yao.

Wewe, nakujua tangu unatambaa, huwa unalipata wazo, unalipenda, unalijaribu, linashindwa, unalitupa kwa hasira na kusahau lilikufundisha nini. Kwa hiyo andika kila kitu. Alichofanya Mama, mkono upi, alitazama wapi. Waite watu waseme nao, wateja pia. Na mimi unitumie nakala, kwa sababu niko mbali na nina nafasi ya kufikiri.

Huku mvua hazijaanza.

Kaka yako


15 Machi

Kaka mpenzi,

Shikamoo. Mvua hazijaanza, nimesikia. Asante kwa taarifa. Swali langu linakusubiri palepale mlangoni, likichoka litakaa chini.

Tuko wazima. Mama amenenepa mashavu. Mashine imepona, nimechomoa kitu kidogo tu huko nyuma, kijiti cha ubani wa jirani sijui kiliingiaje.

Nimefuata maneno yako. Chaki ukutani hapa haikai, mvuke unaila. Kwa hiyo nimechukua zile kadibodi tunazotia ndani ya mashati yakishakunjwa, naandika wazo upande wa nyuma, na kuning'iniza kwa kibanio kwenye ile kamba ya ndani ya kuanikia. Ukiingia dukani unapokewa na mawazo usoni. Wateja mwanzoni walidhani ni bei mpya. Sasa wanasoma, wanakuna kidevu, wanaomba kalamu. Nesi wa zahanati ya jirani, anayetuletea makoti meupe, yeye peke yake ameandika manne. Mvuke ameandika moja, halafu akasimama akilitazama siku nzima kama amejifungua.

Nakala hii hapa, vilevile zilivyo.

Kuitikia kwa kichwa: limeshindwa. Anaitikia kila kitu. Nimemwuliza kama mimi ni mwanaume, ameitikia kwa heshima zote.

Kengele, moja ndiyo, mbili hapana: amependa mlio, amepiga mpaka dereva anayeegesha mbele ya duka akaja kuuliza kuna nini.

Kuandika kwa mkono wa kushoto: ameshika kalamu vizuri, amechora mistari, amelia. Sirudii.

Picha za magazeti (wazo la nesi): amezisukuma zote. Nadhani tulimfanya mtoto.

Kuimba (la Mvuke): Kaka, hili lilinisimamisha nywele. Tulianza wimbo wa zamani wa kanisani, akaingia ubeti wa pili na maneno yote, wazi, kwa sauti yake ileile. Tukamwachia aumalize. Wimbo ulipoisha nikamwuliza, Mama, unataka chai? Sabuni. Maneno yamefungiwa mle ndani ya wimbo, hayatoki nje.

Vitu vyenyewe mkononi badala ya picha (la nesi tena): nilimpa kikombe, kitana, redio ndogo. Anavishika, anavipapasa, anavilaza mapajani. Hajavisukuma kama picha. Lakini hasemi navyo kitu.

Na hili si wazo, ila umesema niandike kila kitu. Mteja aliacha blauzi ya hariri juu ya meza, mimi nilikuwa nyuma. Mama amenyanyuka, ameigeuza kola kwa mkono wa kushoto, ameisugua kwa kidole gumba, akaitupa kwenye kikapu chekundu. Unakumbuka vikapu vyake, cheupe cha kupokea na chekundu cha kurudisha kwa mwenyewe, zile nguo ambazo zikifuliwa zitaharibika, kisha mwenyewe atulaumu. Nikaijaribu ile blauzi pembeni kwa maji. Inachuja rangi vibaya mno.

Basi ndiyo hayo. Nimechoka lakini siwezi kukaa. Mvuke anasema nikikaa nitaota mizizi, ndiyo maana naogopa.

Kiberiti


9 Aprili

Mdogo wangu,

Nisamehe kuchelewa. Mwenzetu mmoja aliumia bega na zamu yake nikaibeba mimi. Huyo mwenzetu anaendelea vizuri, mimi ndiye sasa nahitaji bega.

Nimefurahi, sijui nikwambieje. Barua yako nimewasomea mafundi wenzangu chakula cha mchana. Habari ya kengele tumecheka, na ni halali, maana si lifti yetu. Fundi mkuu kasema kamba yako ni bora kuliko ukuta wetu, kwa sababu kadi unaweza kuzihamisha, kuweka hii jirani ya ile. Fanya hivyo. Zipange upya kila wiki.

Na wenzangu wametoa yao, yaandike hata kama ni ya ovyo. Mmoja anasema mumpe vitufe kama vya lifti, kila kitufe jambo lake. Mwingine anasema muimbe maswali, naye aimbe majibu. Mwingine, huyu ni bachela, anasema mumwache, akitaka kitu atakichukua.

Maswali yangu: alipotupa blauzi alikutazama? Ukiondoa kikapu chekundu, anakitafuta?

Lakini pia usijimalize. Unaandika unasimama, unakula unasimama. Kwa Mjomba kuna bustani na hewa nzuri, na mkewe ana subira. Hata ikitokea Mama akaenda, si mwisho wa dunia kwa yeyote.

Huku mvua zimeanza.

Kaka yako


20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima.

Naanza na msiba mdogo. Jumamosi kulikuwa na harusi mbili, mashati mia kasoro, na kadibodi zikaisha. Mvuke, katika haraka zake, hakutaka kunisumbua. Ameinua macho akaziona kadi zimening'inia, safi, ngumu, za saizi ileile. Ameanua mawazo yetu yote, Kaka, ameyatia kwenye mashati, ameyakunja vizuri, na wateja wamekwenda nayo. Nimerudi kutoka kupeleka mzigo nakuta kamba tupu na yeye anasema kwa fahari, "Tumemaliza." Nilikaa chini. Ndiyo, nilikaa. Mvuke mwenyewe akaogopa.

Sasa watu wanakwenda harusini wamebeba kifuani habari za kengele na za Mama kulia. Wengine wamerudisha. Karani mmoja amerudisha kadi na ameandika chini maelezo marefu kuhusu shangazi yake aliyepata kiharusi. Wengine wameongeza mistari. Kwa hiyo si hasara yote, ila nyingi zimepotea na sikumbuki nilivyoandika. Nakala unazo wewe. Nirudishie haraka.

Ipo kadi moja iliyorudi, hiyo sikunakilii. Mtu ameandika upuuzi.

Halafu hilo la bustani. Nani amekwambia habari ya bustani ya Mjomba, aliyoipanda wewe umeshaondoka? Mimi sijakuandikia. Na "si mwisho wa dunia kwa yeyote" ni maneno ya mtu gani, ya kaka yangu au ya mtu aliyekaa na wewe ukiandika? Nijibu hilo, usinipe mvua.

Kiberiti


6 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mvuke mwambie asijinyonge. Huku mwenzetu mmoja aliwahi kuosha ukuta wote siku ya ukaguzi ili pawe pasafi. Bado tunamwita Dekio.

Nakala zote nimezifunga humu, neno kwa neno. Na nilipokuwa nazinakili, mkono ukasimama. Nikarudi juu, nikashuka tena chini.

Soma lile la vitu vyenyewe mkononi, halafu soma lile la blauzi, hapohapo, bila kupumua katikati. Kikombe mapajani mwake hakikusema kitu kwa sababu hakikuwa na pa kwenda. Nguo ilikuwa na pa kwenda. Miaka yote ile, Mama jibu lake halikuwa mdomoni. Alikuwa anashika, anageuza, anaamua, anatupa, halafu ndiyo anasema. Mdomo umekufa, lakini huenda uamuzi uko palepale kwenye mkono. Mpe kitu, na vikapu viwili mbele yake. Cheupe, ninakubali. Chekundu, mwenyewe aende nacho. Usimweleze sana. Mpe tu, kama anapokea kazi.

Na uwe mgumu kama fundi. Badilisha vikapu mahali, ili ujue anachagua kikapu, hachagui upande. Andika kila mara.

Hiyo kadi uliyokataa kuinakili, inasemaje? Sheria ya pili ni kwa kadi zote.

Kaka yako


21 Mei

Kaka, Kaka, Kaka,

Shikamoo, na hilo nalisema nikiwa wima juu ya ndoo.

Imekubali.

Nilimkalisha kwenye kiti chake cha zamani cha mezani, si kile cha mgonjwa. Nikaweka vikapu. Nikampa kikombe cha chai yenye sukari. Akakionja, akanitazama mimi, na akakiinamisha taratibu kwenye kikapu chekundu, chai ikamwagika yote. Nikamwonjesha kikombe kisicho na sukari. Cheupe. Mwaka mzima nimemnywesha sukari, Kaka, na aliacha sukari kabla hata sijazaliwa, mimi nikasema mgonjwa anahitaji nguvu. Nikabadilisha vikapu. Hakukosea. Redio, cheupe. Ile dawa ya kuchua inayonuka, chekundu, kwa nguvu. Kofia ya Mvuke, chekundu, na akacheka. Amecheka, kwa sauti. Mvuke naye akaiokota akajitia kununa huku machozi yanamtoka.

Sasa duka limekuwa shule. Nesi anakuja kila jioni kuangalia. Tumeandika kadi mpaka kamba imelegea. Asubuhi anachagua nguo yake mwenyewe. Lile gauni la bluu ninalompenda mimi, kumbe hulichukia.

Nilitaka niishie hapo kwa furaha. Lakini Mjomba alipita jana. Nikamwonyesha vikapu, akashangaa kweli, akampongeza dada yake, nami nikamwambia basi, siku ukija na gari tutamwuliza, na atajibu mwenyewe. Akasema, "Ni sawa, mwanangu, ingawa mimi na kaka yako tulishakubaliana tangu Januari."

Tangu Januari. Barua yangu ya kwanza ilikuwa Februari. Mimi nakuomba msaada wa kumzuia, na wewe umeshatia mkono wako. Miezi yote hii tumekuwa tukichora mistari na kengele, kumbe kwako ni mchezo wa kunituliza. Umenizunguka, Kaka.

Kiberiti


5 Juni

Mdogo wangu,

Naiweka salamu mwanzoni kama desturi, uipokee ukipenda.

Ndiyo. Mjomba alinipigia Januari, akaniuliza, nikakubali. Sikukwambia kwa sababu nilijua utawaka. Halafu ikaja barua yako, na nikaona unataka Mama aulizwe, nikaona aibu, kwa sababu mimi na Mjomba hatukuwa tumefikiria hilo hata dakika. Kuanzia hapo sikuwa nakutuliza. Kila wazo nililokupa nililitoa moyoni. Nilitaka Mama aseme hata kama akisema mimi ni mjinga.

Sababu ya kukubali nitakwambia, ukasirike mara moja tuishe. Sikukubali kwa ajili ya Mama. Nilikubali kwa ajili yako. Tangu aanguke hujaniandikia habari yako hata moja. Mashine, Mvuke, Mama, wanga. Ulikuwa na mchumba, nikaacha kumsikia. Ulikuwa unataka kusomea ushonaji wa nguo za maigizo, ulinijazia kurasa nne za michoro, hilo nalo kimya. Ninakuogopea. Na siji huko kwa sababu nikija na kukuona ulivyo nitashindwa kuondoka, na kazi hii ndiyo inayolipia dawa. Nimesema.

Sasa nikuulize na mimi. Chai umemwuliza, redio umemwuliza, kofia ya Mvuke umemwuliza. Vikapu vinafanya kazi tangu Mei. Kwa nini kubwa hujamwuliza?

Kaka yako


2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Sikuijibu ile barua kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia mpaka vibanio vinavunjika mkononi. Bado sijamaliza. Lakini kuna jambo la kukueleza, na hakuna mwingine atakayelielewa.

Kadi niliyokataa kuinakili inasema hivi: "Mmemwuliza kama anataka kukaa hapo?" Ndiyo hivyo tu, mwandiko sijaujua. Niliitia mfukoni mwa aproni. Kamba nzima ilikuwa imejaa njia za kumfanya Mama aseme, na mimi nilikuwa nimeshaandika kichwani atakachosema. Ndiyo maana sikumwuliza kubwa. Nilikuwa naogopa, Kaka.

Mjomba amekuja Jumamosi na gari na begi jipya la nguo. Tukakaa dukani, yeye, mkewe, nesi, Mvuke, na mimi. Mama kwenye kiti chake. Nikaweka vikapu. Nikampa ufunguo wa duka, ule mkubwa wenye kitambaa alichokifunga mwenyewe.

Aliushika muda mrefu. Amekipapasa kile kitambaa, ameuzungusha ufunguo. Akauweka kikapu chekundu. Hakuutupa, aliuweka, kama kitu cha mtu mwenye heshima zake.

Nikasema amekosea. Nikabadilisha vikapu, nikampa tena. Chekundu. Nikampa begi la Mjomba, tupu, jepesi. Akalivuta mpaka kikapu cheupe na kuliegemeza humo kwa mkono wake mmoja. Mjomba akainamisha kichwa. Hakushangilia, nimpe haki yake. Mimi nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Mama, hili ni duka lako." Akanitazama. Kaka, hayakuwa macho ya mgonjwa. Alikuwa amechoka. Siku nzima anakaa katikati ya kazi aliyoiweza kuliko sisi sote, anatutazama tukiifanya vibaya, na wateja wanamwambia pole. Hilo nimeliona dakika ile. Mwaka mzima nimekaa naye chumba kimoja na sikuliona.

Nikaanza kulia, mbele za watu, kama mtoto. Nilikuwa na hasira naye pia, nikwambie ukweli. Nilijiona nimepigania kiti cha mtu ambaye alikuwa anatafuta mlango. Mke wa Mjomba akaanza kukunja nguo, Mvuke akajishughulisha na pasi ambayo haikuwa hata na moto.

Nikainama kuondoa vikapu, maana maswali yalikuwa yamekwisha. Mama akanishika. Akavuta kamba ya aproni yangu, ile ya kiunoni. Nikadhani anataka kujifuta mkono. Akaivuta mpaka ikafunguka, akaivuta aproni yote, ikanitoka kichwani, na akaitia kikapu chekundu.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Nikacheka kwa machozi, nikaiokota, nikaivaa. Akanivua tena. Safari hii akasema sabuni, kwa ile sauti ya kutufukuza tulale tulipokuwa wadogo, na akakisukuma kikapu kwa mguu mpaka kikagonga mlango.

Amekwenda. Jana nesi amempelekea vikapu vyake kwa Mjomba, anasema amewarudishia bustani nzima kwenye chekundu, hapendi maua, anataka kukaa barabarani aone watu. Mvuke anataka kuliendesha duka na binti yake, na mimi nimemwambia nitamjibu. Michoro ile ya nguo za maigizo nimeitafuta, sijaiona, itabidi niichore upya.

Jumamosi ileile, kabla gari halijawaka, nilichukua kadi na kuandika alichofanya, mkono upi, alitazama wapi, kama ulivyonifundisha. Mkono wa kushoto. Alinitazama mimi. Halafu juu yake nikaandika jina la mwenye wazo, na kwa mara ya kwanza kwenye kamba yetu nikaandika Mama.

Mdogo wako